Nyumba Iliyoipa Bahari Mgongo

Sijasamehe, na niliseme hilo mapema ili msomaji asikae kunisubiri nisamehe mwishoni. Mtoto wa mjomba wangu alivunja nyumba aliyozaliwa mama yangu, akajenga pale pale sanduku la zege na vioo, kisha akampa mama banda la uani. Mengine yote nitakayoyaeleza hapa yanatokana na hilo moja. Mama alikuwa na chumba chenye upepo katika nyumba ya baba yake, na akanyang'anywa.

Nyumba yenyewe ilikuwa Lindi mjini, upande wa chini, karibu na maji. Babu aliijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba mtoto aliweza kuketi kwenye dirisha na kukunja miguu. Dari lilikuwa la boriti za mikoko, na juu yake paa refu lenye mteremko. Madirisha ya upande wa barabara yalikuwa madogo, ya upande wa bahari makubwa. Hakuna aliyetueleza kwa nini, na hatukuuliza. Chumba cha mama kilikuwa huko baharini, na alasiri, wakati barabarani mbuzi wanagombania kivuli, mle ndani ungetamani kujifunika kanga. Mama alikuwa na pumu tangu utoto. Kwake upepo haukuwa starehe, ulikuwa pumzi yenyewe, na alikuwa amelala katika chumba kile tangu alipoachika na kurudi kwao akiwa amenibeba mimi mgongoni.

Mimi nilikwenda kusomea kuchora ramani za majengo Dar es Salaam. Tulikuwa na mwalimu mmoja mwembamba, mtu wa kukohoa chaki, aliyetufundisha historia ya usasa katika ujenzi kama mtu anayesimulia ugomvi wa jirani zake. Alituambia kwamba kule Ulaya kulikuwa na watu waliochoshwa na nyumba za matajiri zilizojaa maua ya plasta, na waliochoshwa zaidi na vyumba vya wafanyakazi, vya giza na moshi, ambamo kifua kikuu kilikuwa mpangaji wa kudumu. Watu hao walikuwa na njaa ya jua. Wakafuta maua yote, wakapaka kuta nyeupe, wakaweka vioo kutoka pembe hadi pembe na paa bapa la kuotea jua. Zege la nondo liliwasaidia sana, kwa sababu nguzo zilibeba mzigo wote na ukuta ukabaki kama pazia, unauweka unapotaka.

Baadaye wakaja wengine walioliacha zege tupu, bila plasta wala rangi, na alama za mbao za fundi zikionekana, wakasema huo ndio ukweli wa jengo. Wakaja na wale walioupeleka usasa huo kwenye nchi za joto, jua likawatia adabu, wakajifunza kuuvalisha kofia: vivuli virefu juu ya madirisha na kuta za matofali ya matundu. Shule zetu na hospitali zetu za baada ya Uhuru ni watoto wa hao. Mwisho wakaja waliochoka na utupu wote, wakarudisha nguzo za duara na mapembe ya urembo, ila za kubandika tu. Mwalimu alisisitiza kwamba kila kundi lilikuwa linajibu kero yake. Mimi nililishika hilo kuliko yote, maana ukiazima jibu la mwenzio ukaacha swali lake huko huko, utakuja kuumia.

Niliporudi Lindi kufanya kazi katika ofisi ya ujenzi, niliuona mji kwa macho mengine. Nyumba za mawe za wazee. Maduka ya Wahindi yenye kuta za mbele zilizopinda juu ya mlango kama vipaji vya nyuso, urembo wa zama zilizofika kwetu kwa meli zikiwa zimechelewa. Ofisi za serikali zenye matundu matundu, popo ndani yake. Nilikuwa nikitembea na kujisomea, na siku hizo nilikuwa mtu mwema.

Kisha zikaja zile zama ambazo kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni ya kugawiwa yakajaa redio, kanga za kila rangi na maji ya kunywa ya chupa, jambo ambalo bibi wa jirani alilicheka mpaka akalia. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua korosho. Mtoto wa mjomba, ambaye mpaka hapo alikuwa karani wa kupima magunia, akawa wakala wao, akazunguka Mtama na Nyangamara na pikipiki, kisha na gari la kukodi, kisha na gari lake. Sina neno na korosho zake. Alikuwa na akili ya biashara na simnyimi hilo.

Tatizo lilianzia kwenye kalenda. Wanunuzi wale walimpa kalenda ya ng'ambo, na katika mwezi mmojawapo kulikuwa na picha ya nyumba nyeupe, paa bapa, ukuta mzima wa mbele kioo, na nyuma yake mlima wenye theluji. Aliichana picha hiyo akaniletea ofisini akiwa ameitia kwenye bahasha ya plastiki kama cheti. Mjomba alikuwa amekwisha kufariki, na nyumba ya babu ilikuwa mikononi mwake, ingawa mama alikuwa na fungu lake ndani yake kwa sheria ya mirathi. Halikuwahi kugawiwa. Kwetu kumwambia mtoto wa kaka yako akugawie nyumba ya baba yenu ni kama kumwambia humwamini, na mama alimwamini.

Niliitazama picha, nikamweleza kwa upole. Nilimwambia nyumba hiyo imejengwa na watu wanaolitafuta jua mwaka mzima na hawalipati. Nikamwambia upepo wetu unatoka baharini, mashariki, na jua letu baya ni la alasiri, upande wa barabara.

"Kioo chako kitatazama magharibi," nilimwambia. "Alasiri mtaiva humo ndani."

"Binamu, wewe kazi yako kuchora vyoo vya shule," akasema. "Watu wanapita barabarani. Hawapiti baharini."

Nilikataa kuchora. Akapata mtu Dar es Salaam aliyemchorea bila kuuliza jua linazama wapi.

Kwa mama alikwenda na maneno mengine. Alimpa shikamoo ya magoti, akamwambia nyumba imechoka, boriti zimeliwa na mchwa, akamwahidi kwamba katika nyumba mpya chumba cha kwanza kitakuwa cha shangazi yake, upande wa maji kama zamani. Mama akafunga vyombo vyake akaenda kukaa kwa mdogo wake Mtama mpaka ujenzi uishe. Huko vumbi lilimbana kifua, lakini kila nilipokwenda kumwona alinieleza habari za chumba chake kipya, atakiwekea pazia gani. Mtumai cha ndugu hufa maskini. Msemo huo aliufahamu kuliko mimi, alinifundisha yeye.

Nyumba ya babu ilivunjwa kwa nyundo na mitaimbo. Nilikwenda kutazama kwa sababu nilitaka kukumbuka vizuri. Chokaa ile ilikuwa imeshikana na mawe vibaya sana, mafundi wakatukana. Zile boriti zilizoliwa na mchwa zilitoka nzima, ngumu kama chuma, na mtoto wa mjomba akaziuza.

Jengo lilipokamilika lilikuwa na ghorofa moja, vioo vya buluu mbele kutoka chini hadi juu, na kwa kuwa mchoraji alikuwa amesikia pia fasheni ya mwisho, nguzo mbili za duara mlangoni ambazo hazikubeba kitu. Upande wa bahari ulikuwa ukuta mtupu. Huko ndiko walikoweka mabomba, choo na stoo. Nyumba iliipa bahari mgongo. Chumba cha kwanza alichoahidiwa mama kilikuwa ofisi ya korosho. Yeye alijengewa kibanda uani, bati juu na dirisha la kupitisha mkono, kikiegemea ukuta wa jiko la mkaa.

Mama alirudi na pazia zake. Aliingia kwenye kile kibanda, akaketi kitandani, akasema Alhamdulillahi. Mtoto wa mjomba alimweleza kwamba huko atakuwa huru, hatasumbuliwa na wageni. Akamjibu, "Haya mwanangu." Usiku ule alikaa nje kwenye kigoda kwa sababu ndani hakuweza kuvuta pumzi, na mimi niliapa kwa kila kitu ninachokiamini kwamba yule mtu atanilipa, na atanilipa hadharani.

Sasa, kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakamata kuku wako akamla, akavaa nguo zako na kuigiza unavyotembea, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako na wazee watakutoza faini. Msibani ndiyo usiseme, mtani hulikalia jeneza mpaka akombolewe, yaani apewe anachotaka. Mtoto wa mjomba alipokwenda shule na kuvaa tai aliuona utani kuwa ushamba, lakini ushamba huo ulikuwa haujafutwa na ruksa yoyote.

Aliitisha maulidi ya kuingia nyumba baada ya sala ya alasiri. Alialika shehe, wafanyakazi wa wilaya, wanunuzi wa korosho kutoka Dar es Salaam na mtaa mzima. Wageni wa heshima waliketishwa ukumbi wa mbele, nyuma ya vioo vya buluu, saa ambayo jua la barabarani linapiga uso kwa uso. Vioo havikuwa na sehemu ya kufungua. Feni ilikuwepo, ikizungusha joto lile lile. Nilichungulia nikaona shehe anajipepea kwa kofia yake, na mnunuzi mmoja amelegeza tai mpaka kifuani.

Mimi nilikuwa nimekwenda mnadani Mtama, kwenye marobota ya mitumba, nikanunua koti. Wakati ule yalikuja makoti ya nchi za baridi, ya sufu nzito, marefu hadi miguuni, ambayo hakuna aliyeyataka isipokuwa walinzi wa usiku. Nililivaa nikafunga vifungo vyote. Nikavaa kofia ya kufunika masikio, glavu, na miwani ya jua ya buluu. Nikaingia ukumbini kwa mlango wa mbele, katikati ya zile nguzo mbili, nikitembea kwa madaha.

Shehe aliacha kujipepea. Nikatoa salamu, nikajitambulisha kuwa mimi ndiye nyumba mpya. Nikawaeleza nimetoka mbali, kwetu kuna theluji, nimefuata korosho. Nikauliza kama yupo mwenye kuni, maana nasikia baridi. Nilikuwa natiririka jasho na wao wanatiririka jasho, nami natetemeka na kujikumbatia. Nikaenda ukuta wa bahari, nikaugeuzia mgongo, nikamuuliza mwenye nyumba kwa sauti ya kizungu kuna nini huko nyuma kinachonuka chumvi.

Wanawake uani wakapiga vigelegele. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika nguzo. Mtoto wa mjomba naye alicheka, kwa sababu hakuwa na njia, lakini meno yake yalikuwa yamekutana. Wanunuzi wa Dar es Salaam wakamuuliza huyu ni nani, akalazimika kuwajibu, "Ni mtani wangu." Na hapo alijifunga mwenyewe.

Nikaketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani, koti na yote. Pilau ilikuwa upande wangu, wageni upande wake. Nikawaambia wapishi sinia haipiti mpaka nikombolewe. Akatoa noti, nikazitupia watoto. Akatoa nyingine, nikamwambia nyumba ya kizungu hainunuliwi kwa hela za madafu. Watu wakaanza kumpigia kelele, mkomboe, mkomboe, pilau inapoa. Nina hakika wengi walitaka kula tu watoke mle ndani. Haki mara nyingine huletwa na tumbo, na mimi sikuibagua.

"Unataka nini, mtani?" akaniuliza mwishowe.

Nikavua miwani. "Chumba cha pembeni cha mbele, hicho cha ofisi. Umpe mama yangu, kiwe chake, useme mbele ya hawa."

Wazee waliijua habari ya banda, mtaa wote uliijua, ila hakuna aliyekuwa na pa kuanzia. Alinitazama na nikaiona hasira ikimpanda hadi kooni, nikaomba Mungu aitoe ili aaibike mara mbili. Akaimeza.

"Chumba ni cha shangazi," akasema. "Nimempa."

Shehe akasema wamesikia, na wote ni mashahidi. Nikanyanyuka, pilau ikapita. Nililivua koti lile uani, na wanawake walinimwagia maji kichwani.

Lakini mama alipohamia chumba kile hakukiweza. Kilitoka barabarani hadi nyuma: upande mmoja kilikuwa na kioo kisichofunguka, upande wa pili ukuta mtupu wa bahari. Adhuhuri kilikuwa kimepata moto, alasiri kilikuwa tanuri. Siku chache baadaye nilimkuta amerudi kwenye kigoda chake uani, anahema. Mtoto wa mjomba alikuwa amesimama ghorofani anatutazama, na akatabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo, naweza kukuchorea.

"Umenirudishia chumba, mwanangu," mama aliniambia. "Upepo hukunirudishia."

Nilikwenda nyumbani nikachukua karatasi. Nilikumbuka jambo ambalo yule mchoraji wa Dar es Salaam alilifanya sawasawa, pengine bila kujua. Jengo lilisimama juu ya nguzo za zege. Kuta hazikubeba chochote. Kwa kanuni ile ile ya usasa aliokuwa akijivunia, ukuta wowote wa chumba cha mama ungeweza kuondoka na nyumba isitikisike. Na chumba kilikuwa cha mama.

Nikaja na mafundi asubuhi. Tulivunja ukuta wa bahari, tukaweka dirisha pana la mbao, mbawa mbili. Kisha tukaja mbele. Nilimpa fundi nyundo nikamwambia aanze na kioo cha juu ili barabara nzima ione. Mahali pa vioo tulijenga matofali ya matundu, yale yale ya shule za vijijini, rangi ya saruji, bila plasta. Juu yake nikaning'iniza kivuli cha makuti, kikubwa, kilichozidi ukuta kwa makusudi. Upepo unahitaji pa kuingilia na pa kutokea, na siku ile uliingia kwa mara ya kwanza tangu babu. Pazia za mama zilisimama.

Nyumba ya kwenye kalenda ikawa na jicho moja la buluu na jingine la matundu, na nyusi ya makuti. Madereva walipunguza mwendo kuitazama. Wanunuzi wakawa wanamuuliza kulikoni. Alikwenda kwa shehe, akakumbushwa alichokisema. Alikuja ofisini kwangu akaniambia nimemharibia sura ya nyumba, na nikamwambia vyoo vya shule ndivyo nilivyosomea. Kwa muda nilikuwa na furaha kamili. Watu husema kisasi hakishibishi. Waongo. Nilishiba, nikalala usingizi mzuri.

Aliyeniharibia shibe hiyo ni mama. Nilikwenda kumwona alasiri moja, nikamkuta mtoto wa mjomba amelala kwenye mkeka chini ya dirisha la bahari, shati amevua, anakoroma. Ghorofani kwake hakukaliki. Ikawa kila siku, akitoka kazini, anapiga hodi, shikamoo shangazi, na mama anamtandikia. Nilimuuliza mama ana moyo wa namna gani. Akanijibu kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake na anasikia joto kama watu wengine. Nikamwambia ndiyo maana nilitaka alisikie. Mama alicheka na kuendelea kumenya mihogo yake.

Aliishi humo miaka mingi, kifua kikamwacha, nami kazi ikanihamishia Dar es Salaam. Kabla hajafariki aliwaita mashahidi, akanipa chumba kile hiba, chote, kwa maneno yaliyonyooka, ili kisiingie kwenye mirathi. Akaniambia nimwachie binamu yangu apumzike humo. Nilimwitikia kwa kichwa. Sikuahidi kwa mdomo, na mama alilijua hilo.

Tulipomaliza hitima nilifunga mbawa za dirisha la bahari kwa ndani, nikatia kufuli mlangoni, nikarudi Dar es Salaam.

Mwezi huu mke wa mtoto wa mjomba alinipigia simu. Ni mwanamke mstaarabu, hatujawahi kukosana. Alisema mzee presha imempanda, joto la mwaka huu halijapata kuonekana, na daktari amesema alazwe mahali penye hewa. Akaniomba nimtumie ufunguo, hata kama ni kwa basi, hata kama ni kwa muda. Nilimpa pole. Nilimuuliza kama mgonjwa anakula vizuri, kama watoto wapo naye, na alinijibu yote kwa heshima. Kisha nikamwambia ufunguo uko kwangu, naona simwamini mtu wa basi kumpa, na mimi mwenyewe mwaka huu sina safari ya Lindi.